NDAMA HAJENGWI KWA UNGA MTUPU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Meru. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la wenzetu waliokuwa katika zamu ya kukamua siku ile, wasiweze kufika.)



Halmashauri ya tawi imetuagiza tuseme juu ya chakula cha ndama wadogo wa ng'ombe wa maziwa. Twajua wako kati yenu wanaojiuliza: chama cha wafanyakazi kina habari gani na chakula cha ndama? Kazi ya chama ni mishahara, saa za kazi, nyumba na likizo. Ndama ni kazi ya bwana mifugo. Swali hilo ni la haki, na tutalijibu kwanza kabla hatujaenda mbali.

Tumekuwa tukiletewa mashtaka ya namna moja mara kwa mara. Mfanyakazi wa zizini anakuja kwetu na karatasi ya mshahara mkononi. Amekatwa fedha. Akiuliza sababu anaambiwa, "Ndama amekufa mikononi mwako." Hakuna aliyeandika ndama yule alikufa kwa ugonjwa gani, wala alikuwa akila nini, wala nani aliyetoa amri ya chakula chake. Mfanyakazi naye hana la kujibu, kwa sababu ni kweli ndama alikufa mikononi mwake. Mikono yake ndiyo iliyoshika ndoo.

Tuwape kisa kimoja, nasi hatutalitaja shamba wala mwenyewe. Mwenzetu mmoja alikuwa akilea ndama katika shamba moja upande wa juu, kwenye baridi ya mlima. Kwa muda wa miezi miwili ndama watatu walikufa. Wote walianza kwa namna moja: manyoya yakasimama na kupoteza mng'aro, matumbo yakawa makubwa na mapaja membamba, kisha wakahara, kisha wakalala wasiinuke. Mwenzetu akaambiwa amewanyima chakula na akakatwa mshahara miezi miwili mfululizo. Tulipokwenda naye kuuliza, tuliomba jambo moja tu, nalo ni daftari la maziwa. Tukalisoma pamoja na mwenye shamba. Daftari lilikuwa limeandikwa vizuri sana, kila lita iliyokamuliwa na kila lita iliyokwenda kituoni. Tulipotoa ya pili katika ya kwanza, tuliona kwamba kila ndama, tangu siku ya tano ya maisha yake, alikuwa akibakiziwa lita moja ya maziwa kwa siku. Nafasi ya maziwa mengine ilijazwa uji wa mahindi. Amri ile haikuwa ya mwenzetu. Fedha zilirudishwa, si zote.

Ndiyo sababu tumeona ni lazima kila mwanachama anayefanya kazi ya ng'ombe ajue ndama hujengwa kwa kitu gani. Ujuzi huu ni ngao yake. Tena wengi wetu tuna ng'ombe mmoja au wawili nyumbani, huko Nkubu, Githongo, Kibirichia na kwingineko, na tutakuja kuona kwamba amri ile ya lita moja hata sisi tunaitoa.

Zamani jambo hili halikuwa na taabu kubwa. Ng'ombe wetu wa kienyeji hakubali kushusha maziwa mpaka ndama wake amemnyonya kidogo. Mkamuaji apende asipende, ndama anapata fungu lake, kwa kuwa bila ndama hakuna maziwa. Ng'ombe wa gredi ni tofauti. Walowezi walikuwa nao miaka mingi, na kampuni yao ya kuuza maziwa, KCC, iliundwa mwaka 1925, wakati Mwafrika alikuwa hana nafasi katika biashara ile. Baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo wakulima Waafrika walipoanza kufuga gredi kwa wingi, na sasa Meru na Embu ukipita njiani asubuhi unakutana na mikebe ya maziwa kila penye kona. Huyu ng'ombe wa gredi anashusha maziwa hata ndama wake akiwa amefungwa chumba kingine. Hapo ndama akapoteza wakili wake. Maziwa aliyokuwa akiyapata kwa lazima, sasa anayapata kwa hisani ya mtu mwenye ndoo, na kila lita anayokunywa ni shilingi zisizofika kituoni.

Basi mtu akitaka kuuza lita ile, anatafuta kitu cha kumdanganyia ndama. Kitu cha karibu ni unga wa mahindi. Hapa ndipo tunapotaka mtusikilize kwa makini.

Sote tumefundishwa shuleni na kliniki kwamba kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kulinda mwili na vya kujenga mwili. Hivi vya kujenga mwili ndivyo vyenye protini. Lakini protini si kitu kimoja. Kila protini ni kama mkufu uliotungwa kwa shanga, na shanga zenyewe ni za namna 20. Wataalamu huziita asidi amino. Ndama anapokula protini, tumbo lake linaukata mkufu na kuziachanisha shanga, kisha mwili unazitunga upya kuwa nyama, ngozi, damu na kwato za ndama mwenyewe. Baadhi ya shanga mwili wake unaweza kuzitengeneza. Nyingine, zipatazo 10 hivi, hauwezi kabisa. Ni lazima ziingie kwa mdomo. Kati ya hizo, mbili ndizo zinazokosekana upesi zaidi katika chakula cha ndama: moja huitwa laisini, nyingine methionini.

Wale waliofanya kazi ya ujenzi watatuelewa upesi. Fundi ana lori kumi za mchanga, ana kokoto, ana maji, na mfuko mmoja wa saruji. Atajenga mpaka saruji itakapokwisha. Hapo kazi inasimama, hata kama mchanga umejaa uwanja mzima. Ukimletea lori la kumi na moja la mchanga hujamsaidia, umemzibia njia. Ndama aliyepungukiwa na laisini ni vivyo hivyo. Zile shanga nyingine zote zilizobaki mwili hauzijengei kitu. Unazichoma na kuzitoa kwa mkojo.

Mahindi ni mchanga mwingi wenye saruji kidogo sana. Jambo hili limejulikana zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1914, huko Marekani, wataalamu wawili, Osborne na Mendel, waliwalisha panya protini kubwa ya mahindi, bila protini nyingine yoyote. Panya wakakonda. Wakaongezewa asidi amino moja iitwayo triptofani. Wakaacha kukonda lakini hawakukua. Walipoongezewa laisini pia, wakaanza kukua. Chakula kilikuwa kilekile.

Sasa tufanye hesabu ya ndama wetu, na mwenye kalamu aandike. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina protini gramu 32 hivi. Lita 4 zina gramu 128. Katika kila gramu 100 za protini ya maziwa, laisini ni gramu 8 hivi. Kwa hiyo ndama aliyekunywa lita 4 amepata karibu gramu 10 za laisini. Chukua sasa nusu kilo ya unga wa mahindi, ambayo ni uji mwingi kwa ndama mmoja. Ina protini gramu 45 hivi, lakini laisini yake ni gramu moja na robo tu. Mwaka 1979 watafiti wa Uingereza, Williams na Hewitt, walipima mahitaji ya ndama mwenye kilo 50 na kidogo, anayeongezeka robo kilo kwa siku, wakaona anahitaji laisini karibu gramu 8 kila siku. Na robo kilo kwa siku ni ukuaji mdogo. Ndama wa gredi aliyetunzwa vizuri huongezeka nusu kilo.

Mrudieni yule ndama wa shamba tulilosema. Lita moja ya maziwa ilimpa gramu mbili na nusu. Uji ulimpa gramu moja na robo. Jumla haifiki nusu ya gramu 8. Ili apate zote kwa mahindi peke yake angekula unga kilo 3 na zaidi kwa siku, jambo ambalo hata fahali mdogo angelishangaa. Na hesabu hii bado imeupendelea uji, maana katika wiki za kwanza ndama hana nguvu ya kusaga wanga tumboni. Unga mwingi unapita bila kusagwa, unachachuka njiani, na huko ndiko kuhara kunakotoka. Sukari ya dukani ndiyo mbaya zaidi. Hawezi kuisaga hata kidogo, ijapokuwa wako wanaomtilia "apate nguvu".

Mtu atasema: lakini ng'ombe hula majani tu, na majani hayana sifa hizo, mbona anakua? Swali zuri. Jibu ni kwamba ndama mdogo bado hajawa ng'ombe. Ng'ombe mzima ana matumbo manne, na lile la kwanza, kubwa kama pipa, limejaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyokula majani kwanza. Vinajitengenezea protini yao yenye shanga zote, kisha vinashuka matumbo ya mbele na kusagwa, na ng'ombe anakula vijidudu. Ana kiwanda chake mwenyewe. Ndama aliyezaliwa juzi hana kiwanda. Tumbo lake la kwanza ni dogo, na linalofanya kazi ni la nne peke yake, lile linalogandisha maziwa. Anaponyonya, mfereji mdogo kooni mwake unajifunga na kuyapitisha maziwa moja kwa moja mpaka kwenye tumbo la nne, bila kugusa la kwanza. Kwa hiyo katika miezi ya mwanzo ndama anafanana na mtoto wa binadamu kuliko anavyofanana na mama yake. Shanga zisizoingia kwa mdomo hatazipata popote.

Hayo ya dang'a hatutayakawilia, maana mnayajua: maziwa ya kwanza apewe katika saa za mwanzo baada ya kuzaliwa, lita 4 kwa ndama wa kilo 40 kabla ya nusu siku kupita, kwa sababu baada ya siku moja utumbo wake unajifunga na kinga iliyomo haiingii tena katika damu. Anayekamua dang'a akammwagia mbwa anastahili kulaumiwa, awe mfanyakazi au mwenye shamba.

Twende kwenye jambo lililoleta maneno haya. Siku hizi wako wachuuzi wanaopita mashambani na madukani na unga mweupe katika makopo. Wanasema ni laisini, au ni methionini, au ni vyote pamoja na vitamini, na ukimtilia ndama kijiko kimoja unaweza kuuza maziwa yote. Mwajiri akinunua kopo lile, mfanyakazi ataambiwa, "Sasa huna udhuru." Basi tuulize, je, ni uongo?

Si uongo wote. Laisini hutengenezwa viwandani kwa kuchachua sukari na vijidudu maalumu, ufundi uliogunduliwa Japani katika miaka ya 1950, na methionini hutengenezwa kwa kemia. Ni vitu halali, na viwanda vya chakula cha kuku na nguruwe huvitumia dunia nzima. Kwa ndama pia vimejaribiwa. Huko Thailand mwaka 1998 ndama walinyweshwa maziwa ya unga ambayo sehemu ya protini yake ilikuwa ya soya. Walioongezewa laisini, methionini na threonini walikua vizuri kuliko wale wa soya bila nyongeza. Lakini angalieni kilichofanyika pale. Nyongeza iliwekwa juu ya chakula ambacho tayari kilikuwa na protini ya kutosha, ili kuziba pengo la shanga mbili tatu. Ni mfuko wa saruji ulioletwa mahali penye mchanga, kokoto na mafundi. Kijiko cha laisini katika uji wa mahindi ni saruji iliyomwagwa katika kiwanja kitupu. Laisini itakuwapo, lakini triptofani itakosekana, na protini yenyewe kwa jumla itakosekana. Ndama atasimama palepale.

Na kwa ndama mkubwa ni hasara ya namna nyingine. Mkinyunyizia unga ule juu ya mabingobingo ya ndama wa miezi sita, hautafika popote. Ule mfereji wa kooni haufungi kwa majani. Laisini itaangukia tumbo la kwanza, na vijidudu vitaila kama vinavyokula kila kitu. Wataalamu wametengeneza namna zilizofunikwa ili zipite salama, lakini hizo ni ghali na hutumika zaidi kwa ng'ombe wanaotoa maziwa mengi sana. Kwa ufupi, kopo la bei rahisi lina kazi kwa ndama anayekunywa maziwa ya unga yaliyochanganywa na soya, likitiwa ndani ya maziwa yenyewe. Huyo ndama ni nadra Meru.

Tuonyane pia juu ya maandishi ya mifuko. Mfuko utaandikwa "protini ghafi asilimia 18", au 20. Hesabu ile haipimi protini yenyewe. Inapima nitrojeni, kisha inazidisha. Chochote chenye nitrojeni kinahesabiwa kuwa protini, hata yurea ya mbolea. Mwaka 2008 huko China wafanyabiashara walitia melamini katika maziwa, yaani kemikali ya kutengenezea sahani za plastiki, ili kipimo kipande. Kipimo kilipanda. Watoto wachanga karibu 300,000 waliugua na sita walikufa. Hatusemi kwamba wauzaji wetu wanafanya hivyo. Tunasema namba ya mfuko haikuambii shanga ni zipi, na ndama asiye na kiwanda tumboni hawezi kabisa kufanya kitu kwa yurea, inaweza kumuua. Mwulizeni muuzaji protini yake inatoka wapi: soya, samaki, pamba, au nini? Asiyejua ashukuriwe na apitwe.

Je, mtu wa kawaida afanye nini? Wazee wetu walilitatua jambo hili kwa binadamu bila maabara. Githeri ni mahindi na maharagwe katika chungu kimoja. Mahindi yana upungufu wa laisini. Maharagwe, kunde na soya vinayo kwa wingi. Maharagwe yana upungufu wa methionini. Mahindi yana zaidi kidogo. Kila kimoja kinalipa deni la mwenzake. Chakula kikavu cha ndama hujengwa kwa akili hiyohiyo. Kwa hesabu yetu, mahindi yaliyoparazwa kilo 6, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 2 na nusu, pumba za ngano kilo 1, na dagaa waliokauka vizuri na kusagwa nusu kilo, vinatoa kilo 10 zenye protini ya asilimia 18 na zaidi kidogo, na shanga zake zinakaribiana na haja ya ndama. Chumvi ya mifugo awe nayo kando. Soya ikaangwe kwelikweli. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisisage protini, na anayeitia mbichi kwa haraka amenunua hasara. Mahindi yenye ukungu yasiingie, hata kama yameonekana kuwa "ya mifugo tu".

Lakini chakula hiki hakichukui nafasi ya maziwa katika wiki za kwanza. Kiwekwe mbele ya ndama kidogo kidogo tangu wiki ya kwanza au ya pili, pamoja na maji safi, ili ajifunze kulamba na tumbo lake la kwanza lianze kukua. Maziwa yaendelee. Kwa lita 4 kila siku mpaka wiki ya 12, ndama mmoja atakunywa lita 336. Ndizo hizo zinazomwumiza roho mwenye ng'ombe anapozizidisha kwa bei ya kituoni. Anayetaka kuzipunguza, apunguze mwishoni, ndama anapokula kilo moja ya chakula kikavu kila siku bila kubakiza, wala asipunguze mwanzoni. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu mwanzoni ndipo mama yake anapotoa maziwa mengi ya kuuza.

Akishaachishwa na kiwanda chake kimeanza, hapo Meru na Embu tuna bahati. Katika miaka ya 1990 watafiti wa KARI, KEFRI na ICRAF walifanya kazi Embu juu ya mti uitwao kaliandra, uliotoka Amerika ya Kati. Waliona kwamba kilo 3 za majani yake mabichi hushika mahali pa kilo 1 ya chakula cha mfuko kwa ng'ombe wa maziwa, na kwamba miti 500 hivi, ambayo hupandwa kandokando ya shamba na kwenye matuta, inatosha ng'ombe mmoja mwaka mzima. Majani yale ni chakula cha vijidudu, na vijidudu watamtungia ndama shanga zake. Msimpe mtoto wa wiki mbili. Mpeni yule anayecheua vizuri, pamoja na mabingobingo. Mti haupiti na kopo kuja mlangoni, labda ndiyo sababu hausifiwi sana.

Sasa turudi kwenye karatasi ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la kukusudia la mfanyakazi. Yashikeni maneno hayo: kosa la kukusudia. Ndama aliyekufa kwa sababu alipewa lita moja kwa amri, hakufa kwa kosa la kukusudia la mwenye ndoo. Na hata penye haki ya kukata, makato yote kwa pamoja hayawezi kupita theluthi mbili za mshahara kwa mara moja.

Tusijidanganye, hata hivyo. Tumekwenda pia mahali ambapo mfanyakazi alikuwa na kosa. Ndoo haikuoshwa tangu jana. Maziwa yalinyweshwa ya moto leo na ya baridi kesho. Jumapili ndama hawakunyweshwa mpaka saa tano kwa kuwa mtu alilala. Katika shauri kama hilo chama hakina mdomo. Na wako waliokunywa wao wenyewe maziwa ya ndama, kisha wakajaza maji. Kama mshahara hautoshi kununua maziwa, hilo ni shauri la mshahara, na tulipeleke mahali pake. Ndama siye anayetakiwa kulilipa.

Wala kwa ng'ombe wetu wa nyumbani tusijione watakatifu. Mmoja wetu tuliosimama hapa alipofanya hesabu hii usiku kwa mara ya kwanza, alikwenda zizini kwake na taa. Ndama wake alikuwa na manyoya yaliyosimama na tumbo kubwa. Mke wake alimwuliza anatafuta nini, naye hakuwa na jibu la kumpa, maana amri ya kupeleka maziwa yote kituoni ili karo ipatikane aliitoa yeye. Ndama alipona baada ya kurudishiwa lita zake, lakini mpaka leo ni mdogo kuliko wenzake wa rika lake, na alichelewa kupanda. Karo ya muhula ule ililipwa kwa mkopo.

Tunayoomba kwa wanachama ni haya. Kila alee ndama awe na daftari dogo la senti chache. Siku ndama anapozaliwa, andika tarehe na uzito wake. Kila siku andika lita alizokunywa na kitu kingine alichopewa, na kama amri ya chakula imebadilishwa, andika nani aliibadilisha na siku gani. Kila wiki andika uzito. Mwajiri mwema atalipenda daftari hilo, kwa maana linamwonyesha mali yake. Mwajiri asiyelipenda, mtaelewa wenyewe. Tayari mashamba mawili yamekubali liwe kazi rasmi, na mfanyakazi amepewa nusu saa ya kuliandika ndani ya saa za kazi.

Mwanachama mmoja ameuliza uzito utapimwaje bila mizani. Kuna utepe wa kuzungushia kifua nyuma ya miguu ya mbele. Unasoma kilo palepale. Tawi limenunua mmoja. Uko kwa katibu, na anayeuhitaji auazime kwa siku mbili, aandike jina lake na siku ya kuurudisha. Ule wa kwanza haukurudi.